Jaribio Lililokuwa Haliendeshwi: Faili za Ujenzi Kutoka Make Hadi Eldoret

Najua niliahidi makala ya pili kuhusu hifadhidata, lakini hiyo itangoja. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mzee mmoja mfugaji aliponijia na kijitabu chake na kunionyesha kwamba programu niliyoiandika mimi inamwibia.

Haukuwa wizi wa makusudi. Mimi na mwenzangu, ambao ofisi yetu ni chumba kimoja hapa Section 58, Nakuru, tuliandikia chama kimoja cha ushirika mfumo wa malipo ya maziwa. Mfugaji analeta maziwa asubuhi na jioni, karani anapima kilo, na mwisho wa mwezi mfumo unapiga hesabu: kilo mara bei, toa makato ya chakula cha ng'ombe, dawa na mkopo. Kijitabu cha mzee kilionyesha kwamba mtu aliyechukua chakula kwa mkopo siku ambayo ameleta maziwa mara mbili alikuwa anakatwa mara mbili. Mwezi mmoja tu alikuwa amepoteza shilingi 1,840. Kwa mtu wa ng'ombe wawili hizo si pesa za kuchezea.

Nilimjibu kwa ujasiri ambao sasa unaniaibisha: "Haiwezekani, mzee. Hilo tulilifanyia jaribio." Na kweli jaribio lilikuwepo. Nililiandika mwenyewe, nikaliita JaribioLaMakato. Mzee alipoondoka nikalifungua na kuliendesha peke yake. Likatoka jekundu. Lilikuwa linajua kosa lote, mpaka senti. Miezi minane faili yetu ya ujenzi ilikuwa ikituambia kila kitu ni shwari, kumbe hata siku moja haikuwahi kuligusa.

Sababu nitaisema mbele. Lakini huwezi kuielewa vizuri bila kujua faili hizi za ujenzi zilitoka wapi na kwa nini majaribio yamekuwa yakisukumwa huku na huko ndani yake. Na historia yenyewe haiko mbali nasi kama unavyodhani. Inapita Eldoret.

Tuanze na misingi kwa wale ambao si watu wa programu. Programu kubwa haiandikwi katika faili moja. Ni mamia au maelfu ya faili za msimbo, ambazo lazima zikompailiwe, yaani zigeuzwe kuwa kitu ambacho tarakilishi inaweza kukiendesha, kisha ziunganishwe kwa mpangilio. Faili ya ujenzi ndiyo inayosema nini kinatangulia nini. Ni kama mtu wa kupanga mabehewa pale stesheni: behewa likisahaulika, treni itaondoka tu, na utagundua Kisumu kwamba mzigo wako umebaki Nakuru.

Mnamo 1976, katika maabara za Bell Labs kule Marekani, Stuart Feldman aliandika programu iitwayo Make. Kilichomsukuma ni kisa ambacho kila mwandishi wa programu atakitambua. Mwenzake Steve Johnson (yule wa Yacc) aliingia ofisini kwake akilalamika kwamba amepoteza asubuhi nzima akitafuta kasoro katika programu ambayo tayari alikuwa ameirekebisha. Msimbo ulikuwa sahihi, ila alisahau kukompaili upya faili moja, kwa hiyo alikuwa anaendesha toleo la zamani bila kujua. Make ilikuja kuondoa usahaulifu huo. Unaandika katika faili iitwayo Makefile kwamba kitu hiki kinategemea kile, na Make inaangalia saa ya kila faili: iliyobadilika inajengwa upya, ambayo haikubadilika inaachwa.

Kuna kituko kimoja cha Make ambacho siwezi kukiruka. Mistari ya amri ndani ya Makefile lazima ianze na kitufe cha tabu, si nafasi za kawaida. Ukikosea, inagoma. Feldman ameeleza kwamba alipogundua ubaya wa jambo hilo alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili hivi, akaona haya kuwavurugia kazi. Kwa ajili ya watu hao kumi na wawili, dunia nzima imekuwa ikihangaika na tabu kwa karibu miaka 50! Hata hivyo Make ilimletea tuzo ya chama cha ACM mwaka 2003, na aliistahili.

Angalia jambo moja lakini. Make ilibuniwa kwa ajili ya kujenga. Majaribio hayakuwa na kiti chake mezani. Mwenye mradi akitaka majaribio aliongeza lengo lake mwenyewe: huyu akaliita test, watu wa GNU wakazoea check, mwingine hakuliweka kabisa. Miradi ilipokua watu wakaweka Makefile moja katika kila kabrasha, na ile ya juu ikawa inaziita za chini moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Peter Miller wa Australia aliandika makala maarufu akionya juu ya mtindo huo: kila Makefile inaona kabrasha lake tu, hakuna inayoona mradi wote, kwa hiyo utegemezi unaovuka makabrasha unapotea. Na kabrasha la majaribio lilikuwa rahisi kuliko yote kusahauliwa, kwa sababu likikosekana katika orodha hakuna kinachovunjika. Programu inajengwa vizuri tu. Hicho ndicho kiini cha tatizo, na kimedumu hadi leo: msimbo ukiachwa nje ya ujenzi utapiga kelele, lakini jaribio likiachwa nje hunyamaza.

Kisha ikaja Java. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma walikuwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda mkutanoni Atlanta, wakaitumia safari hiyo kuandika chombo kidogo cha majaribio, JUnit. Ndipo majaribio yakapata sura ya kawaida: darasa la jaribio, mbinu ambazo majina yake yanaanza na neno test, rangi ya kijani ukifaulu na nyekundu ukianguka. James Duncan Davidson naye, aliyekuwa akitengeneza Tomcat, alichoshwa na Make akaandika Ant, ambayo mwaka 2000 ilitolewa kama mradi unaojitegemea. Faili yake ni build.xml. Tabu zikaondoka, zikaja alama za XML kama mvua (Davidson mwenyewe baadaye alikiri kwamba angejua angetumia lugha halisi ya programu). Ant ilikuruhusu kupanga mradi utakavyo: majaribio upande huu, maktaba upande ule, majina ya malengo upendavyo. Uhuru huo ulikuwa na gharama. Kila mradi ulikuwa na desturi zake, na mgeni akifika ilibidi aulize wenyeji majaribio yanaendeshwaje.

Sasa twende Eldoret. Kutoka hapa Nakuru reli hugawanyika, njia moja ikishuka Kisumu na nyingine ikipanda Timboroa kuelekea Eldoret na Uganda. (Wazee bado wanauita mji huo Sisibo, kutokana na namba 64, shamba ambalo mji ulianzia. Sisi wa Section 58 hatuwezi kumcheka mtu kwa kuishi ndani ya namba.) Huko Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walikuwa na ushirikiano wa tiba tangu mwisho wa miaka ya 1980, na mwaka 2001 ukazaa mpango wa AMPATH wa kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI. Mwaka huohuo, katika kituo cha afya cha Mosoriot, barabara ya kwenda Kapsabet, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa tarakilishi ulianza kutumika. Ulijengwa kwa Microsoft Access. Kituo cha afya cha mashambani, kumbukumbu za elektroniki, mwaka 2001! Hospitali nyingi za Ulaya wakati ule zilikuwa bado zinabeba mafaili ya karatasi.

Lakini Access ina kiwango chake. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kupatikana, wagonjwa waliongezeka kwa kasi ambayo mfumo ule haukubuniwa kuibeba. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, waliiona hali hiyo Eldoret na kuamua kuanza upya. Hivyo ndivyo OpenMRS ilivyozaliwa: programu huria, iliyoandikwa kwa Java, inayotumia hifadhidata ya MySQL. Ilianza kazi Eldoret Februari 2006, na Agosti mwaka huohuo ikaanza Rwanda chini ya shirika la Partners In Health. Leo inatumika katika nchi nyingi, lakini mgonjwa wake wa kwanza alitibiwa kwenye Bonde hili la Ufa.

Fikiria basi uzito wa jaribio moja katika mfumo kama huo. OpenMRS ina kazi ya kuunganisha rekodi za mgonjwa aliyeandikishwa mara mbili. Jambo hili hutokea kila siku: leo mama ameandikwa kwa jina la mumewe, kesho kwa jina la babake. Kuunganisha ni lazima kuhamishe ziara zote, vipimo vyote na maagizo yote ya dawa kutoka rekodi moja hadi nyingine. Kosa moja hapo, na daktari atafungua rekodi isiyoonyesha kwamba mgonjwa tayari yuko kwenye dawa fulani. Kwa hiyo kazi hiyo ina majaribio mengi. Swali ni lilelile la mzee wangu: yanaendeshwa na nani, na lini?

OpenMRS ilianza na Ant, kama miradi mingi ya Java ya wakati wake, kisha ikahamia Maven. Maven ilianzishwa na Jason van Zyl mwanzoni mwa miaka ya 2000, toleo lake la kwanza kamili likatoka 2004 na la pili 2005. Wazo lake ni kinyume cha Ant. Haikuulizi majaribio umeyaweka wapi, inakuambia uyaweke wapi: msimbo katika src/main/java, majaribio katika src/test/java. Na haikuruhusu kufungasha programu kabla majaribio hayajapita, isipokuwa uiamuru waziwazi iyaruke. Kwa mara ya kwanza majaribio yalikuwa hatua ndani ya safari yenyewe, hayakuwa tena mchepuko ambao dereva anaweza kuusahau.

Ukifungua msimbo mkuu wa OpenMRS utaona faili ya pom.xml juu kabisa, ambayo kazi yake ni kutaja watoto wake: api, web, webapp na wengine. Kila mtoto ana pom.xml yake fupi, na majaribio yake yako karibu naye. Kinachonivutia zaidi ni mtoto mmoja aitwaye test. Kwa msimbo ni kama mtupu. Kazi yake ni kukusanya mahali pamoja orodha ya vyombo vyote vya majaribio ambavyo moduli za nje zitahitaji. Kwa nini? Kwa sababu OpenMRS ni kiini tu. Kila nchi na kila hospitali huandika moduli zake, katika hazina zake, na waandishi wake wako Kampala, Kigali, Boston, popote. Mtu huyo akitaka kujaribu moduli yake anahitaji mazingira yaleyale ya kiini. Zamani za Ant desturi ilikuwa kunakili maktaba na kuziweka kwenye kabrasha la mradi, na baada ya mwaka mmoja nakala yako na yangu zinatofautiana na hakuna anayejua. Sasa unataja jina moja kwenye pom yako na vyote vinakuja. Hata madarasa ya majaribio ya kiini yenyewe yanafungashwa katika furushi la pekee, ili moduli ziyarithi.

Ndani ya furushi hilo kuna hifadhidata ndogo ya kughushi, inayopakiwa kwenye kumbukumbu ya tarakilishi kila majaribio yanapoanza. Ina wagonjwa wa uongo. Mmoja ni Horatio Hornblower, nahodha wa riwaya za Kiingereza. Lakini nilipoendelea kushuka nikakutana na Anet Oloo na Collet Chebaskwony, na jina la kati la kila mmoja wao ni Test. Nilicheka peke yangu usiku. Mtu akiandika moduli yake Marekani au India leo, tarakilishi yake inamzalisha Chebaskwony, inamtibu na kumfuta mara mia kwa siku. Sehemu ambako mfumo ulianzia bado inaonekana kwenye data yake ya majaribio.

Nisiwe kama nauza Maven sokoni, ina madhara yake. Mara ya kwanza ukiiendesha hupakua maktaba hadi unashangaa. Kumbuka kwamba Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya baharini ya intaneti hadi 2009, SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Katika hali ile, ule mtindo wa Ant wa kubeba maktaba zako ndani ya kabrasha la mradi, hata kwenye CD, ulikuwa na akili yake. Watu wanaoudharau leo hawakuwahi kungojea megabaiti moja kwenye saiba. Mimi mwenyewe bando likiisha naendesha Maven kwa alama ya -o, ambayo huiambia isitoke nje bali itumie ilivyokwisha pakua. Maven ikipewa muda ikajaza kabrasha lake la .m2, hugeuka kuwa lile kabrasha la zamani, ila limepangwa vizuri.

Haya, turudi kwa mzee na 1,840 zake. Mradi wetu ni wa Maven. Majaribio yangu yalikuwa mahali panapotakiwa, ndani ya src/test/java. Yalikuwa yanakompailiwa kila siku. Lakini Maven haiendeshi majaribio yenyewe, inamwachia msaidizi aitwaye Surefire, na Surefire huchagua madarasa kwa majina: yanayoanza au kuishia na neno Test, na machache yanayofanana na hayo. Ni desturi iliyotoka enzi za mwanzo za JUnit. JUnit 4 ilipotoka 2006 ilianza kutumia alama ya @Test na kuachana na ulazima wa majina ya mbinu, lakini jina la faili liliendelea kuwa tiketi ya kuingilia. Mimi, kwa mapenzi yangu ya Kiswahili, niliita yangu JaribioLaMakato, JaribioLaBei, JaribioLaMkopo. Mwenzangu aliita yake kwa Test. Kwa miezi minane Surefire iliendesha majaribio yake 41 na kuyapita yangu 23 kama matatu iliyojaa inavyompita abiria. Kwenye IDE yangu yalikuwa yanakwenda kwa sababu nilikuwa nayabofya mwenyewe. Siku niliyoliandika, lile la makato lilitoka kijani. Mwezi wa tatu mwenzangu akabadilisha hesabu ya makato, akaendesha ujenzi, akaona kijani, akatuma. Sina la kumlaumu.

Marekebisho nayo yalinipa funzo la pili usiku uleule. Niliongeza katika pom.xml maagizo kwamba madarasa yanayoanza na Jaribio yaingizwe. Nikaendesha. Kijani, isipokuwa lile moja jekundu, kama nilivyotarajia. Kisha nikatazama hesabu: 23. Ya mwenzangu yote 41 yalikuwa yametoweka! Ukiandika orodha yako mwenyewe, Surefire haiiongezi kwenye ile ya kawaida, inaitupa ile ya kawaida. Lazima uandike zote mbili. Nilipofanya hivyo ikafika 64, na nikakumbuka Sisibo.

Maagizo hayo tumeyaweka kwenye pom ya juu, ili moduli zote ziyarithi, kuliko kuyanakili katika kila moja. Majaribio yanayogusa hifadhidata halisi, yaliyo polepole, tumeyatenga kwenye moduli yao ambayo inajengwa mwisho, na moduli hiyo imetajwa kwenye orodha ya mama. Na tumeongeza hatua ndogo, ya kishamba ukipenda: baada ya majaribio, hati fupi inahesabu faili zilizo chini ya src/test zenye alama ya @Test, kisha inahesabu ripoti ambazo Surefire imeandika. Zisipolingana ujenzi unaanguka. Mwenzangu alinicheka, halafu wiki iliyopita ikamshika yeye.

Kasoro ya makato ilichukua dakika kumi kurekebishwa. Kutafuta nani alikatwa zaidi katika miezi ile kulichukua siku nne, na wafugaji waliorudishiwa pesa ni wengi kuliko nilivyotaka kuamini. Yule mzee alihesabu zake mbele ya karani, akaandika tarehe na kiasi kwenye kijitabu chake, akakirudisha mfukoni.